Tari Lenye Unga

Tari letu hupigwa na wanawake wawili. Si kwamba mmoja anapiga na mwenzake anamshikia, kama wanavyodhani wageni wanaokuja na kamera zao. Wote wawili wanapiga ngozi moja, mikono minne, na kama hamjazoeana mtagongana vidole mpaka mnuniane. Mimi na wifi yangu Gulandom tumepiga tari moja tangu nilipoolewa na kaka yake, wakati lami ilikuwa bado haijafika kwetu Sarikol, bonde la milimani mpakani mwa Uchina. Tumegombania kila kitu ambacho majirani wanaweza kugombania, malisho, maji ya mfereji, hata namna ya kukanda unga, lakini kwenye tari hatukuwahi kupishana.

Mwaka huu tari lilining'inia ukutani tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Kwetu mtu akifa, muziki wa kijiji kizima unafungwa, na anayeufungua ni mfiwa mwenyewe. Mwenye harusi, au mwenye furaha yoyote ile, anampelekea tari, ananyunyiza unga mweupe juu ya ngozi, analiweka mbele yake, kisha ananyamaza. Mfiwa akilipiga, matanga yameanuliwa na watu wanaweza kucheza. Asipolipiga, unabeba tari lako unarudi nalo nyumbani, na huna wa kumlaumu.

Safari hii mfiwa alikuwa Gulandom, na mwenye furaha alikuwa binti yangu Mehrangez.

Mehrangez alisomea filamu Beijing. Nilimkataza. Nilimwambia msichana akienda kujifunza kupiga watu picha atarudi hajui kukamua, na kweli hajui kukamua tena, yaki wenyewe, wale ng'ombe wetu wa manyoya marefu, wakimwona na ndoo wanageuka. Lakini alitengeneza filamu juu ya bonde letu, nyimbo zetu, filimbi zetu, harusi zetu, na tamasha moja huko Poland likaipenda. Wakataka filamu, na wakataka na wapigaji wenyewe, wasimame mbele ya watu filamu ikiisha na wapige. Alinipigia simu analia kwa furaha. Nilisingizia mtandao unakatika ili asinisikie na mimi nalia.

Wapigaji tulijulikana. Tari, mimi na Gulandom. Filimbi, mume wangu Davlatkadam na mpwa wake Shohmir, mtoto wa pekee wa Gulandom. Filimbi zetu huchongwa kwa mfupa wa tai, mbili mbili, moja ya bawa la kulia na moja ya bawa la kushoto la ndege yule yule, na mjomba na mpwa walikuwa na jozi moja. Simu ya Mehrangez ilipokuja, Shohmir alikuwa ameshazikwa. Alikuwa akipandisha yaki malishoni, theluji ikaporomoka kwenye njia. Walimtoa chini ya theluji kesho yake. Sitaki kusimulia zaidi ya hapo.

Lakini lazima nisimulie ile siku ya kupiga picha, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Ilikuwa mwaka uliotangulia, baada ya mavuno ya shayiri. Mehrangez alikuja na kamera ya kuazima, akarekodi kila kitu mpaka kuku, kisha akataka kurekodi na desturi ya kuanua matanga. Tatizo ni kwamba mwaka ule, namshukuru Mungu, hapakuwa na mtu aliyekufa bondeni. Kamera ilitakiwa kurudishwa mjini. Basi akaomba mtu ajifanye mfiwa. Akazunguka nyumba kwa nyumba. Bibi Huri alimfungia mlango. Wengine walisema wana mkate jikoni, mmoja akasema anaumwa jino. Mimi mama yake nilimwambia wazi kwamba tari lenye unga halichezewi, asinitie mimi katika mambo hayo.

Gulandom alitucheka wote. Alikuwa mtu wa kucheka, ukisikia kicheko ukingo wa mto wewe uliye juu malishoni ulijua ni yeye. "Nileteeni mimi," alisema. "Kifo kingekuwa kinakuja kwa kuitwa, mama mkwe wangu angekufa mapema sana, maana mimi nilimwita kila siku."

Nyumba yake pia ndiyo yenye tundu zuri la paa kuliko zote. Mwanga huanguka wima katikati ya chumba, pale kati ya nguzo. Shohmir akapanda juu kuishikilia ile nguo nzito ya sufu inayofunika tundu, aivute kidogo kidogo mpaka mwanga ukae juu ya tari. Alikuwa mwanamume mzima, amekwisha kuposa, harusi yake ilikuwa ifanyike baada ya mavuno yaliyofuata, lakini kwa kamera alikuwa na haya kupita kiasi. Alikataa kabisa kurekodiwa. Hata alipopuliza filimbi alimpa Mehrangez mgongo, na mgongo wenyewe Mehrangez aliona haufai. Katika filamu nzima hayumo.

Walirudia mara nyingi kwa sababu Gulandom alishindwa kuzuia kicheko. Kila akitazama unga, anacheka. Mwisho aliweza. Aliinamisha uso, akakaa kimya muda mrefu, akainua mkono taratibu akapiga, na unga ukapanda kwenye ule mwanga, ukaelea, ukashuka. Mehrangez alilia nyuma ya kamera. Mimi niliyejua ni mchezo mwili ulinisisimka. Watu wote waliokuja kuiona filamu ile Beijing waliisifu sehemu hiyo kuliko zote, na hao wa Poland, nasikia, waliichagua filamu kwa ajili yake.

Kwenye maziko ya Shohmir, Bibi Huri alisema, tena bila kupunguza sauti, kwamba tari la matanga lilipigwa bila maiti, likaenda kujitafutia wake. Nilikuwa na upawa mkononi. Isingekuwa msibani ningemchapa nao. Nilimtazama Gulandom nikaona amesikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia kicheko chake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Mehrangez alipofika na barua ya mwaliko. Mume wangu alishauri tungoje mwaka wa msiba uishe, lakini tamasha halikuwa la kungoja. Kwenda kupiga tari ugenini huku kijijini muziki umefungwa hakukumjia mtu yeyote akilini. Ama Gulandom apige, ama filamu iende peke yake, na Mehrangez asimame mbele ya watu wale mikono mitupu.

Tulikwenda wote watatu, mimi nimebeba tari. Gulandom alitupokea kama inavyotakiwa, akanibusu mashavuni, akatandika kitambaa, akaleta mikate na chai ya maziwa yenye chumvi. Tukazungumza habari za yaki na bei ya sufu. Chai ilipoisha nikanyunyiza unga, nikaliweka tari mbele yake. Alilitazama, akasema:

"Wifi, hilo mimi nimeshalipiga."

Mehrangez akasema kwa sauti ndogo kwamba lile lilikuwa la filamu.

"Mwanangu, najua lilikuwa la nini. Mfiwa hulipiga mara moja. Mimi nimeshapiga. Nimelipiga mtoto wangu akiwa hai, amenisimamia juu ya kichwa ananishikia mwanga. Niliwafungulia watu furaha kabla hata hajafa. Sasa mnataka nipige la nini?"

Nikabeba tari. Unga ukanimwagikia kwenye gauni, na sikuupangusa mpaka tulipofika nyumbani, maana niliona aibu kuupangusa mbele yake.

Nyumbani tuligombana. Mehrangez alisema ataikata ile sehemu aitupe. Baba yake akasema ukiikata hiyo, kule wamealika nini? Mimi nikasema akate, filamu si Kurani. Ndipo Mehrangez akaanza kulia kwamba yeye ndiye aliyemuua binamu yake. Hapo nilikasirika. Nilimwambia asijitukuze, theluji haijui kamera ni nini. Hayakuwa maneno mazuri ya kumwambia mtoto anayelia, lakini ndiyo yaliyonitoka, na nadhani yalimsaidia, maana alifuta kamasi akafungua kompyuta yake.

Alikaa karibu na jiko akaanza kazi ya kukata. Baada ya muda akaniita. Alikuwa ameisimamisha picha pale pale Gulandom anapoinua mkono. Akanionyesha sakafuni, pembeni ya tari, mahali ambapo mwanga unaishia. Kulikuwa na kivuli. Mkono umenyooshwa, kichwa chenye kofia, na upepo unaitikisa ncha ya ile nguo ya sufu. Nilikuwa nimeiona filamu ile mara nyingi na sikuwahi kukiona.

"Ni yeye," Mehrangez alisema. "Hakuna mahali pengine alipo. Mama, siwezi kukata."

Siku ya pili nilikwenda kwa Gulandom peke yangu, bila tari. Nilimkuta uani anachambua sufu. Mimi si mtu wa kuzunguka zunguka. Nilimwambia kwamba Mehrangez alitaka kuiondoa ile sehemu na ameshindwa, kwa sababu kivuli cha Shohmir kimo ndani. Vidole vyake vikasimama kwenye sufu.

"Na sauti?" akauliza.

Sikumwelewa. Akasema siku ile Shohmir alisema maneno kutoka juu ya paa, wakati yeye anacheka. Je, yale maneno yapo, au Mehrangez aliyatupa? Alikuwa amekaa na swali hilo muda wote huo na hakumuuliza mtu. Alikuwa anaogopa kuambiwa yametupwa. Nilitamani kumkumbatia lakini mikono yake ilikuwa imejaa sufu, na mimi na yeye hatujazoea mambo hayo, basi nikasema nitauliza, nikaondoka haraka.

Yalikuwepo. Mehrangez ana fujo katika kila kitu, nguo zake unazikuta mpaka zizini, lakini picha hajawahi kutupa hata moja. Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima, tulikwenda na kompyuta. Tari nililiacha ndani ya gari. Davlatkadam alikuja nasi akakaa karibu na mlango, kofia mkononi. Mehrangez akaiweka kompyuta juu ya kitambaa cha mikate, chini ya tundu la paa, mahali pale pale.

Kwanza tulisikia kicheko cha Gulandom. Mimi mwenyewe nilishtuka, nilikuwa nimeanza kukisahau. Kisha kutoka juu, kwa mbali kidogo, ile sauti nzito iliyozoea kuita wanyama:

"Mama, mfiwa gani anacheka hivyo? Kwani aliyekufa ni mama mkwe?"

Kicheko kikazidi. Tukasikia mpaka Mehrangez anacheka nyuma ya kamera. Sauti ikaendelea:

"Basi lia kidogo tu, Mama. Mikono inaniuma huku."

Na Gulandom akamjibu, huku akihema kwa kucheka: "Nitaliaje na wewe mzima hapo juu, unanimalizia mikate?"

Ikaishia hapo. Gulandom akasema, "Tena." Mehrangez akairudisha mwanzo. Akasema tena, na tena. Alikuwa ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua. Davlatkadam alitoka nje. Sijui tulirudia mara ngapi, ila chai ilipoa na hakuna aliyeigusa.

Halafu akanyooka, akamtazama binti yangu usoni.

"Hii ndiyo uwapelekee."

Mehrangez akauliza kama anataka iwekwe mwishoni mwa filamu.

"Hapana. Iweke mahali pake. Kwanza nacheka, ananiambia nilie, namjibu, ndiyo napiga. Kama ilivyokuwa. Watu wajue hapo hapakuwa na mfiwa. Ulipoficha kicheko changu ulinifanya nimefiwa kweli, na mimi sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nacheza na mtoto wangu."

Niliona jinsi Mehrangez alivyomeza neno. Ile sehemu ndiyo iliyomfikisha Poland. Akiweka kicheko mbele yake, watu waliolia Beijing watajua walilizwa na mchezo, na hao waliomwalika huenda wakamwuliza maswali magumu. Nilijua haya yote yanapita kichwani mwake kwa sababu yeye akifikiri hukunja pua. Nilimwombea Mungu asiseme neno la kisomi.

"Sawa, shangazi," akasema.

"Na msiwaambie amekufa."

"Hatutawaambia."

"Huko hawamjui. Kama hamkuwaambia, basi hajafa."

Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Lilete."

Nilikimbilia garini na miguu yangu hii mibovu. Niliporudi alikuwa ameshachota unga mwenyewe kwenye bakuli. Akanyunyiza mwenyewe. Huo si utaratibu, mfiwa hajinyunyizii, lakini nani angemwambia. Akapiga. Halikuwa pigo kama lile la filamu. Mkono ulianguka pembeni ya ngozi, sauti ikatoka butu, na unga ukasogea tu bila kupanda. Akapiga la pili, hili likalia sawasawa. La tatu hakulifikisha. Alifungua mdomo akalia kwa sauti kubwa, kilio kibaya, cha mtu ambaye amekaa nacho miezi yote, na mimi nikamshika, sufu na unga na machozi, na safari hii sikujali kwamba hatujazoea. Kamera ya Mehrangez ilikuwa ndani ya mkoba. Haikutoka.

Alipotulia aliniambia hatakwenda nasi. "Nendeni. Nimewafungulia mlango, sijasema na mimi natoka." Sikumbembeleza. Mume wangu aliomba ruhusa ya kuichukua filimbi ya Shohmir, si kuipuliza, ila kuwa nayo, na akaruhusiwa. Aliipuliza yake Poland huku ya mpwa wake ikiwa mfukoni mwa koti, upande wa moyo.

Sina mengi ya kusema juu ya Poland. Mikate yao ni mizuri. Vilima vyao wanaviita milima, nikanyamaza kwa adabu. Mahali pa Gulandom kwenye tari nilimchukua Zebo, mkwe wa jirani yetu, msichana mwenye mikono mepesi asiye na kosa lolote, isipokuwa kwamba yeye si Gulandom.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vya kitambaa chekundu. Nilikaa safu ya mbele katikati ya Zebo na mama mmoja mnene mwenye miwani. Maneno yetu yaliandikwa chini ya picha kwa lugha yao. Ilipofika sehemu ile nilishika mikono ya kiti pande zote mbili. Gulandom akacheka, mkubwa kama ukuta. Sauti ikatoka juu, na pale ukumbini ilitoka juu kweli, maana spika zilikuwa darini, mpaka nikainua uso kumtafuta. Kwani aliyekufa ni mama mkwe? Ukumbi mzima ulicheka. Mzee mmoja nyuma yangu alijipiga goti. Nikaanza kulia, na yule mama mwenye miwani, aliyekuwa anafuta machozi ya kicheko, akadhani tumefurahi wote kwa pamoja, akanipa kitambaa chake. Waliposoma lile la mikate wakacheka tena. Halafu Gulandom akainamisha uso, akanyamaza, akapiga, unga ukapanda, na ukumbi ukatulia tuli. Hakuna aliyemkasirikia kwa kuwa alikuwa anacheza. Mehrangez alikuwa na wasiwasi bure.

Tulipopanda jukwaani mimi na Zebo tuligongana vidole mapema tu. Davlatkadam aliacha nafasi katika wimbo pale ambapo filimbi ya pili hujibu, ni mazoea ya miaka, na katika nafasi ile hapakuwa na kitu. Watu walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Wakasimama, wakapiga makofi kwa muda mrefu, na mimi nikainama mbele yao nikiwaza kwamba wanashangilia nusu ya kitu, na hawana kosa, kwa sababu nusu nyingine hawajawahi kuisikia.

Baadaye wakaruhusiwa kuuliza maswali. Yule mama mwenye miwani akainua mkono. Mkalimani akatuambia anamuulizia yule kijana wa juu ya paa, mwenye sauti nzuri na maneno ya kuchekesha. Je, amekuja? Angependa kumpa mkono. Mehrangez akashika maikrofoni, akanigeukia. Nikamnyang'anya. Nikasema kwa lugha yetu, taratibu, mkalimani asikosee, kwamba amebaki nyumbani na mama yake.

Niliporudi Sarikol baridi ilikuwa imeshaingia. Nilimpelekea Gulandom mtandio wa Poland wenye maua, nikamkuta anaoka, mikono imo tanurini mpaka kwenye viwiko. Mtandio hakuutazama.

"Walicheka?" akauliza.

"Walicheka. Mzee mmoja alijipiga goti."

"Lile la mama mkwe?"

"Hilo, na la mikate pia."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilolijua. "Alikuwa anachekesha," alisema. Nikamwambia basi habari za yule mama mwenye miwani, jinsi alivyosimama mbele ya watu wote akamuulizia, akataka kumpa mkono.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia amebaki nyumbani, yuko na wewe."

Akainamia tanuri akabandua mkate, akaupukuta majivu, akaugeuza mara mbili. Nilifikiri mazungumzo yameishia hapo.

"Alisikitika?"

"Nani?"

"Huyo mama. Kwamba hakuja."

"Alisikitika sana," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Alisema mwaka mwingine asikose."

"Mwaka mwingine," Gulandom akasema. Akakaa chini pale pale, mgongo kwenye ukuta wa tanuri, akaumega mkate ukiwa wa moto. Kipande kimoja akanipa mimi. Kingine akakishika mkononi, wala hakukila, mpaka kikapoa.